Mwongozo kwa Motari Anayetaka Leza Nyuma ya Pikipiki

Ndugu motari, hongera. Umeamua kufunga taa ya leza nyuma ya pikipiki yako, na mwongozo huu utakusaidia kuitumia kati ya Kasongo na Kabambare, mkoani Maniema, Kongo, njia ya zaidi ya kilomita 100 isiyo na lami wala taa za barabarani, na ambayo mvua ikinyesha inakosa hata mahali pakavu pa kuchorea mstari. Fuata maelekezo moja baada ya jingine. Ukikwama njiani usirudi nyuma: nyuma kuna mtu anakuja, naye hajakuona.

Kununua

Kitu chenyewe ni kidogo, kinaenea kiganjani. Ndani mna diodi ya leza, na mbele yake kioo chembamba kinachoutandaza mwali uwe mstari badala ya nukta. Unakifunga chini ya kibao cha namba, unaunga nyaya mbili kwenye betri, na usiku mstari mwekundu unalala chini, mita moja au mbili nyuma ya gurudumu. Kazi yake, kwa maneno ya wanaoiuza, ni kumwonyesha anayekufuata mpaka asiotakiwa kuuvuka, hata penye ukungu. Amini. Dereva wa lori aliyetoka Kalemie, akapita juu ya madaraja ya magogo, akakwamuliwa matopeni kwa majembe na kulipa penye kila kamba iliyofungwa kukatiza njia, bila shaka atakanyaga breki kwa heshima mbele ya mstari wa mwanga.

Kwenye paketi tafuta stika ya manjano, maana huo ndio usalama wote uliolipia. Leza nyekundu ya aina hii kwa kawaida huandikwa kwamba nguvu yake ni chini ya miliwati 5. Wataalamu wamezipanga leza kwa madaraja. Ikiwa haizidi miliwati 1, jicho hujilinda lenyewe kwa kupepesa, jambo linalochukua kama robo ya sekunde. Kati ya 1 na 5, mtu anaonywa asiutazame mwali moja kwa moja. Zaidi ya hapo, kope haziwahi tena. Mwanga wa ampuli hutawanyika kila upande, lakini ule wa leza huenda pamoja, na lenzi ya jicho huukusanya kwenye kidoa kimoja cha retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Utando huo hauna neva za maumivu. Ukiungua hakuna atakayepiga kelele; mtu atagundua baadaye kwamba katikati ya kila anachokitazama kuna doa.

Na stika isikupe wasiwasi. Ilichapwa kiwandani na mtu mwenye mashine nzuri ya kuchapa stika. Mimi bado sijamwona fundi wa pikipiki mwenye kifaa cha kupima miliwati, kwa hiyo mtakuwa sawa, wewe na yeye: wote mnasoma karatasi.

Kwa haki niseme jambo moja. Mwali uliotandazwa kuwa mstari una madhara madogo jichoni kuliko nukta, kwa kuwa nguvu ileile imegawanywa kwenye eneo kubwa. Ila kinachoutandaza ni kile kioo chembamba, na njia hii haijawahi kuhurumia kioo. Siku kitakapodondoka, mstari utarudi kuwa nukta, nawe utakuwa wa mwisho kupata habari, maana taa iko mgongoni kwako.

Muuzaji akiona unasitasita atakutajia Wazungu: magari yao ya bei kubwa yana leza. Ni kweli. BMW i8, mwaka 2014, ilitoka na taa za mbele zenye leza. Asichokuambia ni kwamba ndani ya taa zile mwali hautoki nje. Unapiga kipande cha fosfori, fosfori ndiyo inayong'aa, na kinachofika barabarani ni mwanga mweupe wa kawaida. Usimkatize kwa maelezo hayo. Atakupunguzia bei, ukose sababu ya kuondoka.

Kufunga

Funga jioni, pikipiki ikiwa imesimama wima kwenye saruji, bila abiria wala mzigo. Mstari utalala chini umenyooka vizuri kabisa. Uite majirani, upige picha, kwa sababu hutauona hivyo tena.

Asubuhi utapakia. Gunia la mchele, bidoni mbili za mawese ubavuni, godoro lililokunjwa, mbuzi aliyefungwa miguu, na juu ya vyote mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, ambaye mmeshaelewana nauli kwa hiyo hatashuka. Springi za nyuma zinakaa, mkia wa pikipiki unazama, na mstari uliokuwa mita mbili nyuma sasa unamulika matope ya gurudumu lako mwenyewe. Fundi anaweza kuuinua. Ukishaushusha mzigo Kabambare na kurudi mtupu, mstari utakuwa unamulika vifua vya watu.

Lakini hilo ni wakati barabara iko sawa, na hapa tunazungumzia Maniema. Gurudumu la mbele linapoingia shimoni, mkia unapanda. Leza iliyokuwa inatazama chini inatazama mbele ya anayekufuata, kisha usoni kwake. Linapotoka, mkia unashuka na mwali unarudi chini. Kwa mtu aliye nyuma, kilomita nzima ya mashimo ni kilomita nzima ya kupigwa mwanga machoni na kuachiwa, kupigwa na kuachiwa, kila mara wakati uleule ambapo yeye naye anatafuta pa kupitisha gurudumu.

Maji nayo yana tabia yake. Ardhi kavu inautawanya mwanga, ndiyo maana mstari unaonekana. Dimbwi linaukataa. Mwali ukianguka kwenye maji yaliyotulia, sehemu inazama na sehemu inaruka kuelekea kulekule ulikokuwa unaelekea, yaani nyuma, ila sasa unapanda juu. Kwa hiyo msimu wa mvua, wakati hasa ulipotaka kuonekana, mstari wako unakatika vipande: huu uko kwenye tope, ule umeingia majini, mwingine umepotelea kwenye paji la uso la dereva.

Kiangazi ni kizuri zaidi. Vumbi likinyanyuka, mwali wote unaonekana hewani, pazia jekundu linalocheza nyuma ya pikipiki, na watoto wa vijiji vya njiani watakimbia kulifuata. Hilo ndilo nisilolipenda hata kwa mzaha. Taa ya nyuma ya pikipiki na macho ya mtoto wa miaka mitatu viko karibu kimo kimoja. Pikipiki ikisimama kununua ndizi, mtoto atainama kutazama mwanga unatoka wapi, kama mtoto yeyote mwenye akili angefanya.

Mchana, leza haionekani kabisa. Usisumbuke kuizima.

Kupita bariyeri

Sehemu hii isome mara mbili, hasa kama safari yako inapita Kabambare kuelekea Salamabila na Namoya, kwenye dhahabu, ambako kwa miaka mingi watu wengi wameshika bunduki na si wote wamevaa sare.

Mtu anayelinda bariyeri usiku ana elimu yake kuhusu mwanga mwekundu mwembamba unaotembea ukutani hadi kifuani. Kwa elimu hiyo, nyuma ya mwanga kuna bunduki, na nyuma ya bunduki kuna mtu aliyekwisha kulenga. Wewe umesimama, umegeuza pikipiki ili ujiegeshe pembeni kwa adabu, na mstari wako umefagia kibanda chao chote. Sasa toa maelezo. Zima injini. Mikono iwe mahali inapoonekana. Sema polepole, "Shefu, ni taa ya usalama." Kila kitu kitategemea kama shefu amesikia neno la mwisho kabla ya kufanya uamuzi.

Bariyeri za mchana hazina hatari ya namna hiyo. Pale utakutana na mtu mwenye filimbi, ambaye kwa desturi ana maswali manne: permi, karte rozi, asiransi, kofia. Motari mzoefu anayajua majibu yote manne na bei ya kila jibu linalokosekana. Wewe umemletea swali la tano, jipya, ambalo hakuna aliyewahi kulipangia bei, na mtashinda kutwa mkitafuta kiasi kinachofaa. Abiria wako atashuka aendelee kwa miguu. Atafika kabla yako.

Kujitetea kwa sheria

Ukifika hapo utataka kumwambia mwenye filimbi kwamba sheria haitaji leza. Umesema kweli. Sheria ya barabara ya Kongo ni namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ya enzi nchi ikiitwa Zaire. Mwaka mmoja kabla yake Zaire ilikuwa imejiunga na Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya usafiri wa barabarani. Leza ilikuwepo duniani, Theodore Maiman alikuwa amewasha ya kwanza Marekani mwaka 1960, lakini haikuwa kitu cha kufunga chini ya kibao cha namba. Mwanasheria wa kijiweni pale sokoni atakuhakikishia kwamba kisichotajwa kimeruhusiwa. Mlipe soda.

Kisha usome mkataba wenyewe, kwa sababu haukuanza kwa kuuliza umeongeza nini. Unauliza kwanza kama kinachotakiwa kipo. Pikipiki iwe na taa nyekundu nyuma, inayoonekana usiku hali ya hewa ikiwa safi kutoka umbali usiopungua mita 300, bila kumtia kiwi mtu mwingine. Iwe na taa ya breki yenye mwanga mkali zaidi kuliko ile, na kirudisha-mwanga chekundu, kile kipande tunachokiita katafoti. Nyekundu isielekee mbele. Nyeupe isielekee nyuma, isipokuwa kwa gari linalorudi kinyumenyume. Na taa isiwe ya kuwakawaka, isipokuwa ya kukata kona na zile za magari yenye ruhusa maalumu.

Pima leza yako hapo. Taa ya kawaida anayekuja anaitazama yenyewe. Mstari wa leza anaouona ni kile kidogo tu ambacho udongo umekubali kukirudisha. Mstari uliolala chini, nyuma ya gurudumu, wenye upana wa mkono, nani atauona kutoka mita 300? Basi haukusaidii kutimiza lile takwa la kwanza. Ukiuacha uwe nyongeza tu, unakutana na lile la kiwi, kwa sababu za mashimo na madimbwi tulizokwisha kuziona. Na ukiuweka kwenye mtindo wa kuwakawaka, ambao wauzaji huusifu kuliko yote, umevunja la mwisho bila hata kuondoka sokoni. Kwa hiyo hoja kwamba leza haikutajwa itakufikisha mbali kiasi hiki: utakamatwa kwa sababu nyingine.

Hiyo kanuni ya rangi, mbele hapana na nyuma ndiyo, ni ngeni katika njia hii. Katika miaka ya 1870 misafara ya akina Tippu Tip, wafanyabiashara wa pembe na watumwa, ilipopita Kabambare ikitoka Kasongo na Nyangwe, nyekundu ilitangulia mbele: bendera ya Sultani wa Zanzibar, nyekundu tupu, mkononi mwa kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, ili wa mbele wajue nani anakuja. Wa nyuma hawakuhitaji ishara. Walikuwa wamefungwa minyororo au wamebeba pembe, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kumpita mwenzake. Vijana wanaofunga siku hizi vijitaa vyekundu na vya buluu kwenye usukani, mbele, wanafuata desturi ya zamani sana bila kujua, na ni mahali pamoja ambapo ule mkataba una maoni bora kuliko historia yetu.

Kwa walioshindwa kununua leza

Wapo motari maskini, au wabahili, watakaosoma mpaka hapa na kubaki na taa ile iliyokuja na pikipiki. Nawaandikia kwa ufupi, wasijione wametengwa.

Taa yenu ya nyuma, kwenye pikipiki nyingi za TVS na wenzake, ni ampuli moja ya volti 12 yenye nyuzi mbili ndani: wati 5 ya kuwaka wakati wote usiku, na wati 21 ya breki. Kinachoiua mara nyingi ni mtikisiko, na njia yetu ni mtikisiko mtupu. Uzi mmoja unakatika, mwingine unabaki, kwa hiyo unaweza kukanyaga breki mbele ya fundi, taa ikawaka, mkapongezana, na usiku ukatembea gizani kwa sababu ule wa wati 5 ulishakufa. Pima zote mbili. Ukikanyaga breki na taa ikafifia badala ya kukolea, ampuli haina kosa. Angalia waya wa masi, yaani ule unaorudi kwenye chuma cha fremu, umeliwa na kutu au umelegea. Kipande cha msasa kinatosha.

Betri ikifa, usijisifu kwamba pikipiki bado inawaka kwa kiki. Pikipiki nyingi ndogo zinapata mwanga kulingana na mwendo wa injini: ukipunguza mwendo kwenye tope, fari, yaani taa ya mbele, inafifia, na injini ikizimika katikati ya njia unazimika nayo mbele na nyuma. Hapo kinachobaki ni katafoti, ambayo haina waya, haina betri, haili esansi, na inafanya kazi hata mwenye pikipiki akiwa amelala. Inahitaji kufutwa matope tu. Sijui kitu kingine kwenye pikipiki kinachodai kidogo namna hiyo.

Sasa tuje kwenye tatizo lenyewe, ambalo leza haikuligusa na ampuli mpya peke yake haitaliponya. Taa zetu za nyuma nyingi hazijafa, zimefunikwa. Turudi kwa lile godoro. Linaning'inia hadi karibu na ekseli. Nyuma yake taa inawaka vizuri sana, inawamulikia kunguni. Bidoni ziko ubavuni, gunia liko juu, na kamba za kauchu zimezungushwa mara nne kupita palepale penye kioo chekundu. Anayekuja nyuma haoni pikipiki wala taa. Anaona giza lenye umbo la mzigo, na anaona hilo akiwa amechelewa. Kabla ya kuondoka, ukishafunga mzigo wote, tembea hatua 30 nyuma ya pikipiki yako na utazame. Usipoiona taa, hata lori halitaiona. Sogeza mzigo. Kama hausogei, funga katafoti ya pili au kipande cha utepe unaorudisha mwanga kwenye mzigo wenyewe, upande wa nyuma kabisa, na mbuzi akae mbele yake, si nyuma.

Na mbele yako, ambako hukununua kitu, kuna wasukuma baiskeli. Wanatembea kando ya baiskeli zilizobeba kilo 100 na zaidi za mchele, mawese na mihogo, wanapanda vilima wakiwa wameinama, na wengi hawana taa yoyote, mbele wala nyuma. Hao ndio utakaowagonga wewe, wakati unageuka kutazama kama mstari wako unawaka. Anayewapenda atawapa katafoti moja kila mtu badala ya kununua leza moja; hesabu ya pesa itakubali.

Njia salama kuliko zote ni ya mchana. Ukikutwa na giza katikati, lala kijijini. Nauli ya kesho ni ileile.

Uamuzi wangu, basi, kwa asiye na muda wa kusoma yote: leza ya nyuma haitimizi sheria kama taa, haifai kama nyongeza kwenye njia ya mashimo, na ni hatari kwenye bariyeri ya usiku. Usiinunue. Na ukimpita motari mwenzako ambaye taa yake ya nyuma imekufa au imefunikwa, simama umwambie, kwa sababu yeye aliyekaa mbele haioni.